Kilo Kumi na Nne

Niliinunua Kibuye, kwenye mizani,
kilo kumi na nne, bei ya chuma chakavu,
katikati ya sufuria zilizotoboka
na springi za kitanda cha hospitali.
Nyakwaka, mwenye mizani, aliigusa kwa ncha ya kiatu.
"Hii ilikuwa ya watu wa misheni. Haiimbi."
Nikamwambia sitaki iimbe.

Ilipanda mlima hadi Chavakali kwa pikipiki,
imeviringishwa shuka kama mgonjwa,
na mwendeshaji akanidai nauli ya wawili.

Nilipofungua kifuniko
nyigu alikuwa amejenga humo:
vyumba vitano vya udongo,
vimenyooka kuliko vyangu,
juu kabisa ya kapasita ya kuzungusha.
Nyumba ya mwenzio huibomoi hivi hivi.
Nilingoja wiki mbili wanawe watoke,
mmoja mmoja, viuno kama uzi,
ndipo nikashika mswaki mkuukuu nikasugua.

Ah, harufu ya lehemu ikiyeyuka!
Tone linatetemeka, linatambaa, linatulia.
Likipoa likabaki linang'aa, limeshika.
Likififia kama jicho la samaki wa juzi,
rudia, usijidanganye.
Rezista tatu zilikuwa zimeungua.
Mbadala wake nilizing'oa kwenye televisheni mbovu ya Asava,
ambaye mpaka leo hajaambiwa.

Nikabonyeza swichi, nikarudi nyuma hatua mbili.
Transfoma ikaguna kama fahali aliyeamshwa.
Kisha valvu, moja, ya pili, zote sita,
zikashika rangi ya kaa lililopulizwa.
Nikazima taa ya chumba.
Sikutafuta mtu. Nilikaa nayo tu.

Leseni ilipofika kutoka Nairobi
niliitundika karibu na picha ya harusi,
chini kidogo, kwa heshima.

Waya wa antena nimeuvuta kutoka kwenye mkaratusi
hadi pembe ya banda la ng'ombe, mita ishirini.
Watu wa bondeni wakasema naita radi.
Sikuwalaumu: huku kwetu
radi haingoji kuitwa.
Nikawaonyesha waya mwingine, mnene, unaozama ardhini,
na plagi ninayochomoa
mawingu yakishaanza kuvimba upande wa Kakamega.
Wakatazama. Mzee mmoja akauliza
kama ng'ombe anajua.

"Lakini una simu," aliniambia mwana wa Asava.
Ninayo.
Ina namba ya ndugu yangu wa Mudete,
ambayo sijaipiga tangu mazishi ya mama.
Simu humtafuta unayemjua.
Hii humtafuta yeyote aliye macho.

Usiku wa Jumanne, saa tisa, mvua imekatika,
mabati bado yanadondosha.
Tano Zeti Nne, naita, na herufi zangu nyuma yake.
Kelele tupu: maharagwe yanamwagwa kwenye ungo.
Nazungusha kidogo, unene wa unywele. Naita tena.
Na ndani ya maharagwe, ukucha wa sauti,
mwanamke, mbali,
Kiingereza chake kimekunjwa na lugha nyingine,
ananipa namba: nne na tatu.
Yaani, nakusoma, japo kwa kukodoa masikio.
Akataja mji wake.
Mji ukazama kabla penseli haijagusa daftari.

Kageha alikuwa ameamka.
"Amesema nini?"
"Kwamba ananisikia."
"Halafu?"
"Ni hayo tu."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, leso mabegani,
akizitazama valvu muda mrefu,
kama mtu anayehesabu makaa kabla ya kubandika chungu.
Nilitarajia anikumbushe deni la stima.
"Mwite tena," akasema.
"Mwambie huku kumenyesha."